Nyayo za Matairi Yangu ya Zamani

Nyumba yangu ya kwanza ya ndoa ilikuwa na matairi manne, usukani, na harufu ya mkate isiyotoka hata ukiisugua kwa sabuni ya magadi. Lilikuwa gari la kusambazia mikate Mombasa. Lilipochoka, mwenyewe alitaka kulitupa, mimi nikalichukua, nikalifufua injini, nikakata dirisha ubavuni, nikaweka kitanda cha mbao, rafu ya vyombo, pazia, na ndoana ya kutundikia taa. Chini ya kitanda zikakaa pampu, jeki na viraka. Nilikuwa fundi wa pancha. Malori ya mifugo yalikuwa yakipanda na kushuka Garissa, na miba ya huko haina adabu, nikaona riziki yangu iko huko. Nilikwenda kwa mwezi mmoja. Nikakaa miaka mitano, na wa mwisho sikuukaa kwa hiari yangu.

Nilioa huko huko. Watu wa mke wangu ni Wasomali wafugaji, nyumba zao za asili hufunguliwa zikapakiwa juu ya ngamia. Ndugu zake hawakunitaka, na sikuwalaumu: mtu wa pwani, hana ng'ombe, hana hata mbuzi wa kuchinja siku ya mgeni. Mama mkwe alilizunguka gari mara mbili, akachungulia kitanda, akauliza kama kweli nyumba hii inakwenda yenyewe. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi kijana si maskini sana, ana ngamia wa chuma. Watu wakacheka, nikaoa.

Aliyenitetea kuliko wote ni mjomba wa mke wangu. Kwao mjomba huitwa abti, na mimi pia nikamwita hivyo. Alikuwa mtu mfupi, ndevu amezipaka hina, na kazi yake ilikuwa kukata akala, yale makubadhi ya tairi wanayovaa wachungaji kwa sababu mwiba hauyapenyi. Alikuwa na kibanda sokoni, shoka dogo na kisu. Tulielewana upesi kwa sababu takataka yangu ilikuwa mali yake. Tairi likinishinda kulitengeneza, nililivingirisha hadi kibandani kwake. Yeye naye alikuwa akinikatia vipande vya mpira vya kuweka ndani ya tairi lililopasuka. Hatukuwa na hesabu. Alikuwa akinitania kwamba mimi navisha magari viatu na yeye anawavisha watu viatu vya magari, sasa nani fundi zaidi?

Jambo moja lazima nilieleze, maana ndilo lililotuumiza. Tairi likiisha meno, wengi hulitupa. Mimi nilikuwa nalichonga upya. Unakipasha kisu moto kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, unapitisha kwenye mpira taratibu, mstari kwa mstari, na tairi kipara linapata meno ya kukwea mchanga miezi mingine miwili. Kila mchongaji ana mkono wake. Mimi ni mtu wa samaki, nilichonga mfano wa mifupa ya samaki: uti katikati, miiba huku na huku. Madereva waliujua mkono wangu hata barabarani. Wakiona nyayo za mifupa mchangani husema, yule wa pwani kapita hapa. Nikiwasikia nilivimba kichwa, wallahi. Kijana ukisifiwa unajiona umeumba mpira wenyewe.

Kisha vita vikaja. Wengine walitaka nchi ile iende Somalia, serikali ikasema haiendi ng'o, na sisi tuliokuwa katikati tukawa nyasi za wale fahali wawili. Mwaka wa kwanza niliona kama mambo ya watu wengine. Mwaka wa pili malori yakapungua. Mwaka wa tatu ukaja na kafyu, seng'enge, vibali, na askari wapya kila baada ya miezi michache, sura hazizoeleki. Hutoki mjini bila karatasi. Huvuki mto bila karatasi. Hata maji uliyachota kwa saa zao. Na barabara ya kwenda Mwingi na Thika hukuruhusiwa kuipita peke yako, ila ndani ya msafara unaolindwa na jeshi, mara moja kwa wiki mbili hivi, wakipenda wao. Mimi niliyekuja Garissa kwa nyumba inayotembea nikawa nimeegesha nyumba yangu chini ya mti wa mkungu, miezi tisa haijasogea. Kuku wa jirani alianza kutaga chini ya injini. Nilikuwa nikimtazama yule kuku na kumwonea wivu, yeye angalau hakuombwa kitambulisho.

Ningevumilia. Nimevumilia mabaya zaidi tangu hapo. Lakini mke wangu alikuwa na mimba.

Mimba ya kwanza tuliipoteza hapo hapo mjini. Mtoto alikaa vibaya, mke wangu akahangaika siku mbili, wakunga wakafanya kila walilojua, na mtoto akatoka amekwisha kufa. Mke wangu mwenyewe alinusurika kwa uzi. Mganga wa zahanati, mtu mwema, alinikalisha akanieleza bila kuzunguka. Nyonga zake hazitoshi. Akishika mimba nyingine, apelekwe Nairobi kabla ya mwezi wa tisa akapasuliwe, kwa sababu hapa hakuna wa kumpasua. Asipopasuliwa, nijiandae. Sikumuuliza nijiandae nini.

Sasa alikuwa katika mwezi wa nane, na alikuwa ameanza kutokwa na damu kidogo kidogo. Mganga akaandika barua, nayo ikatupatia kibali: dereva, mke wa dereva, na gari. Kumpandisha lori la mizigo hakukuwezekana, abiria walikatazwa, na kurushwarushwa juu ya magunia kungemmaliza kabla ya Mwingi. Kitanda ndicho kilichokuwa matumaini yetu. Alale njia nzima, nimwendeshe kama nimebeba mayai.

Siku ya msafara nikapanga foleni asubuhi na mapema, gari limeoshwa, mke wangu amelala nyuma ya pazia. Akaja afisa wa msafara, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Akasoma kibali, akasoma barua, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akainama akatazama matairi yangu. Akalipiga teke tairi la mbele, si kwa hasira. Akasema magurudumu haya ni ya lami ya Mombasa. Malori yamechimba mifereji barabarani, gari dogo namna hii litalala tumbo juu ya tuta la katikati, na likikwama, msafara wote unasimama. Ukisimama unapigwa. Hawezi kuwaweka watu wote hatarini kwa sababu ya gari la mikate. Nikamweleza habari ya mke wangu tena, kana kwamba hakusoma. Akasema amesoma. Akasema nikipata magurudumu makubwa nije msafara ujao, nafasi yetu ataiweka.

Nilirudi chini ya mkungu nikakaa kwenye usukani, nikalia. Nasema wazi, nililia. Mke wangu akaniacha nilie kiasi, kisha akaniambia kutoka nyuma ya pazia kwamba ngamia akikosa miguu hatiwi machozi, anatiwa miguu. Ndivyo walivyo hao watu, hawakubembelezi.

Basi nikaanza kutafuta miguu. Katika uwanja wa watu wa barabara kulikuwa na lori dogo lililokufa zamani, limebaki mifupa, lakini magurudumu yake yalikuwa mazima, tena matairi yake yalikuwa karibu mapya, mapana, yenye meno mazito ya mraba. Msimamizi wa uwanja alikuwa Mkamba mzee ambaye niliwahi kumfufulia pampu ya maji. Nikamweleza. Akatazama pembeni, akasema yeye anakwenda kula, na kwamba mtungi wa gesi wa kuchomelea uko pale pale ulipokuwa, na hajui nani hutumia. Alikula chakula hicho siku nne.

Sasa hapo ndipo fundi anapojulikana. Ringi za lori lile zilikuwa na matundu matano, zangu zina nati nne. Hazikai. Nikakata vitovu vya ringi zangu kwa gesi, nikakata vitovu vya ringi kubwa, nikachomea vitovu vyangu vidogo ndani ya ringi zile kubwa. Ukikosea hata unene wa ukucha, gurudumu linayumba kama mlevi na nati zinakatika njiani. La kwanza nilikosea. Nikalikata, nikaanza upya, natukana kwa lugha zote nilizojua, na Kisomali nilikuwa nimejifunza matusi kwanza. Nililizungusha kila gurudumu kwenye ekseli huku nimeweka kipande cha chaki kando, chaki ikigusa mahali pamoja tu najua limepinda, nalinyoosha kwa nyundo. Halafu madigadi yakawa yanakwaruza, nikayakata kwa patasi. Nikaongeza jani moja la springi kila upande kulinyanyua gari. Nilipolishusha kutoka kwenye jeki, jamani, lilisimama juu kama limekasirika. Mke wangu alihitaji ndoo iliyopinduliwa ili apande kitandani mwake. Injini nayo ililalamika, kwa kuwa magurudumu makubwa ni mzigo kwa farasi mdogo. Gia ya pili ikawa ndiyo gia ya maisha. Lakini nililipitisha kwenye mchanga wa korongo karibu na mto, askari wakinitazama, na halikuzama.

Yalibaki matairi yangu manne ya zamani, yenye mifupa yangu ya samaki. Sikufikiri hata kidogo. Nikayavingirisha mawilimawili hadi kibandani kwa abti, kama nilivyofanya miaka yote. Akayapapasa, akasema meno haya bado yana uhai, watu watayapenda. Akala zenye meno hazitelezi kwenye matope ya mtoni. Siku ya tatu akaniletea jozi moja, ndogo, zimekatwa kwa uangalifu, kamba zake laini. Za mke wangu, avae safarini. Zile nyingine alisema zimenunuliwa zote, wachungaji waliingia mjini siku ya soko wakazimaliza.

Nani waliozinunua? Wachungaji. Abti hakuuliza, wala hakuna mshona viatu anayeuliza mteja anakwenda wapi navyo.

Siku mbili kabla ya msafara, gari la jeshi lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, upande wa juu wa mji. Watu walikufa. Mji ukafungwa, hata maji hatukuchota siku hiyo. Nikawa nakaa kwenye ngazi ya gari nikihesabu siku za mke wangu, naye nyuma yangu akihesabu tasbihi, kila mmoja na hesabu yake. Tulijua msafara ukiahirishwa, basi. Alikuwa amevimba miguu, zile akala alizifungua kamba mpaka mwisho ndipo zimwingie, akakataa kuvaa kitu kingine.

Hawakuahirisha. Asubuhi ya siku yenyewe tukaitwa, magari yote mjini yenye kibali yakapangwa mstari mmoja, na mimi katikati, juu ya magurudumu yangu makubwa. Yule afisa wa sauti ya chini alipita akayatazama, akanitolea kidole gumba. Nafsi ikatulia. Nikamwambia mke wangu kupitia pazia kwamba tumekwisha kwenda. Akasema niseme inshallah kwanza.

Ndipo nikaona vumbi la watu wanaokuja kwa miguu kutoka upande wa soko. Walikuwa askari watatu, mfuata nyayo wao, na afisa mwingine ambaye sikuwahi kumwona. Mbele yao walimsukuma mzee mmoja aliyefungwa mikono kwa nyuma. Kofia hana, ndevu za hina zimejaa vumbi. Mfuata nyayo alikuwa ameshika akala moja, ameinua soli juu, na hata kutoka mbali niliuona uti wa samaki na miiba yake.

Nilielewa yote kwa mara moja. Pale bomu lilipofukiwa walikuta nyayo, na nyayo zile ni mkono wangu. Akala hukatwa kwenye tairi, tairi hutoka kwenye gari, na magari yote ya mji yalikuwa yamepangwa hapo kama watoto wa chuo cha Kurani. Walianza mwanzo wa mstari; yule wa sauti ya chini, aliyeyaona matairi yangu ya zamani, kwa bahati yangu alikuwa amekwisha kwenda mkiani mwa msafara. Kila gari mfuata nyayo aliinama, akalinganisha soli na tairi, na yule afisa mgeni akamuuliza dereva maswali mawili: amewahi kuona tairi la namna hii, na anamjua mzee huyu? Madereva wakatikisa vichwa. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mfanyabiashara aliyekula pilau ya harusi yangu. Alitikisa kichwa, kisha akashika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele.

Baadaye nilijua mke wangu, nyuma ya pazia, alikuwa ameinua miguu kitandani, akazikalia akala zake. Kisu changu cha kuchongea kilikuwa kwenye sanduku la vyombo, chini ya kiti changu, bado kina masizi.

Wakafika. Mfuata nyayo akainama kwenye gurudumu la mbele, akaweka soli juu ya meno yale mapana ya mraba. Akaenda la nyuma. Akainuka, akatikisa kichwa, hapana. Yule afisa mgeni akafungua pazia kwa kidole, akamwona mke wangu amejifunika shuka hadi kidevuni. Akaniuliza ni nani. Nikasema mke wangu, anapelekwa hospitali, barua hii hapa. Akauliza, ni mwenyeji wa hapa? Nikasema ndiyo. Akanitazama, kisha akamvuta abti kwa bega mpaka uso wake ukawa dirishani pangu, karibu kiasi cha kunusa vumbi.

"Huyu je? Unamjua?"

"Simjui," nikasema.

Hakuwa amemaliza swali lake vizuri. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyorudisha mkono kutoka kwenye moto. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, na wangu siku hiyo haukuwa hata na bwana. Sikumfikiria mke wangu. Sikumfikiria mtoto. Kama nawaeleza ukweli, niseme ukweli: nilimfikiria yule aliyefungwa mikono nikaona mikono yangu.

Abti alinitazama kidogo sana. Kisha akamgeukia afisa akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho p huwa b na v huwa f:

"Kweli anasema. Huyu mtu mimi hajui. Tairi nilibata kwa lori, ilibita zamani."

Afisa akamuuliza lori gani. Akasema lori ya ng'ombe, dereva mnene, hajui jina. Wakamsukuma kwenda gari lililofuata. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akienda, mdogo, miguu mitupu. Walikuwa wamemvua akala zake pia, kulinganisha.

Msafara ukaondoka saa moja baadaye. Tukavuka mto. Magurudumu yalifanya kazi yao, lazima niyasifu. Mchanga uliomeza lori moja mbele yetu hatukuuhisi, mifereji tulipanda na kushuka bila kugusa tumbo. Kwa miezi tisa niliota siku hiyo, nyumba yangu kutembea tena. Na sasa inatembea, nami nimekaa ndani yake nikitoka jasho, siwezi kusimama, siwezi kugeuka, mbele lori na nyuma lori. Nilidhani nilikuwa nimefungwa Garissa. Kufungwa nilikujua kwenye barabara hiyo, naendesha.

Tukakaribia Mwingi. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, karibu na sikio langu, ametoa kichwa kwenye pazia.

"Ulijua abti atasema nini?"

Injini ilikuwa inapiga kelele katika gia ya pili. Nikafanya kama sijasikia. Hakurudia.

Nairobi walimpasua siku ya tano tangu tufike. Mtoto wa kike, mzima, sauti kama ya muuza samaki. Daktari akasema tungechelewa wiki moja asingekuwapo mmoja wao, pengine wote wawili. Nilishukuru Mungu kwa machozi, na ndani ya shukrani zile kulikuwa na mwiba, kila nikiugusa unaingia zaidi. Tulikwenda kuishi Mombasa kwa mama yangu. Kutoka Garissa tulipata habari kidogo kwa njia ya madereva: abti amepelekwa kambi ya mbali, abti amekufa, hapana, aliyekufa ni mwingine. Mke wangu alizitungika zile akala ukutani kwenye msumari, juu ya kitanda cha mtoto. Sikumwomba aziondoe. Ningeanzia wapi kumwomba?

Vita vilipokwisha na barabara kufunguliwa tulirudi kuwasalimu wakwe, kwa gari lile lile, magurudumu yale yale. Mtoto alikuwa anakimbia. Na abti alikuwapo. Alikuwa ameachiwa miezi michache kabla, na alikuwa kibandani kwake sokoni, shoka lile lile. Meno mawili ya mbele hayakuwapo, na mkono wa kushoto haukukunja vidole vyote, hivyo tairi alilibana kwa magoti. Hina hakupaka tena. Mke wangu alimwangukia magotini, akalia kwa sauti, yeye ambaye halii. Mimi nilisimama nyuma na kofia mkononi.

Alimwita mtoto. Akauweka mguu wake juu ya kipande cha mpira, akauchora kwa chaki, akaanza kukata. Niliona amechagua tairi kipara kabisa, lisilo na jino hata moja. Mtoto akauliza mbona akala zake hazina mapambo. Akamwambia za mtoto ziwe laini, mtoto apite bila alama.

Chai ikaja. Tukakaa kwenye mkeka, yeye, mke wangu na mimi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Mombasa, maneno ya kuomba radhi, nimeyarudia kwenye kila korongo. Nikafungua mdomo. Akanitangulia, akaweka ule mkono wake mbovu juu ya goti langu.

"Siku ile ulisema fizuri," akasema. "Mimi naogoba sana. Nasema huyu kijana ana roho, atasema huyu ni abti yangu, tutakwenda wawili, na msichana atakufa ndani ya gari. Lakini wewe ulifikiri haraka. Ulinibatia njia. Hata kambini, wakinibiga, mimi nasema moyoni, alhamdulillahi, yule ana akili."

Akatabasamu, na pengo la meno likaonekana. Alikuwa na fahari nami. Miaka yote ile, mahali pale, alikuwa amejifariji kwa akili yangu.

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Akaacha kumimina. Akaniinulia macho, akangoja, kama alivyongoja kule karibu na Mwingi, na safari hii hapakuwa na injini ya kunifunika.

"Ahsante, abti," nikasema.

Akanipigapiga goti, akarudi kwenye tairi lake. Mke wangu akamaliza kumimina, akanipa kikombe changu mwisho, na mtoto akavaa akala zake akaenda kukimbia kwenye mchanga.